Pengo la dola 690: hesabu ya shule binafsi ya Mahagi masomo yanapokatika

Jioni ya tarehe 18 Machi 2020, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba kuanzia kesho yake shule zote za Kongo zitafungwa kwa wiki nne kwa sababu ya korona. Wiki nne zikazaa miezi. Madarasa ya mtihani yalirudi tarehe 10 Agosti, na wengine wote wakasubiri mpaka 12 Oktoba, siku 207 tangu milango ifungwe. Tarehe 18 Desemba zikafungwa tena, hadi 22 Februari 2021: siku nyingine 66. Ng'ambo ya mpaka wa Goli, Uganda ilifunga shule zake tarehe 20 Machi 2020, ikafungua kidogo kidogo, ikafunga tena, na haikuzifungua zote kikamilifu hadi 10 Januari 2022. Hizo ni zaidi ya siku 650. Waalur wako pande zote mbili za mpaka huo, wana lugha moja na koo zilezile, lakini watoto wao walikaa nyumbani kwa hesabu mbili tofauti.

Korona walau ilikuja na tarehe. Shida nyingine za Mahagi, mji wa Ituri ulio karibu na mpaka huo, haziji na tarehe. Kutoka mjini Mahagi hadi Bunia ni kilomita 180 hivi kwa barabara ya taifa namba 27, na barabara hiyo inakatiza Djugu, ambako mauaji yalianza upya mwishoni mwa 2017. Juni 2019 peke yake, UNHCR ilizungumzia zaidi ya watu 300,000 waliokimbia makwao katika Ituri. Tarehe 6 Mei 2021 jimbo zima liliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa (état de siège). Kati ya 2018 na 2020 kulikuwa pia na Ebola katika Kivu Kaskazini na Ituri, wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Vita hukata masomo vipandevipande: siku mbili risasi zimesikika upande wa Ngote, wiki moja magari hayapiti, siku tatu wazazi wameogopa kutuma watoto. Ukipoteza siku 3 kila mwezi kwa miezi 10 ya masomo, umepoteza siku 30. Hizo ni wiki tano au sita, na hakuna aliyetangaza kwamba shule imefungwa.

Naandika juu ya shule binafsi kwa sababu ndizo zinazokufa kimya. Shule ya serikali au ya mapatano na makanisa ikifungwa, mwalimu aliye kwenye orodha ya malipo bado ana mshahara wa taifa, hata ukiwa mdogo na wa kuchelewa. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema elimu ya msingi ni bure katika shule za umma. Septemba 2019 serikali ikaanza kuitekeleza kweli, na Juni 2020 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 800 kuunga mkono mpango huo. Shule binafsi haikuwa ndani ya hesabu hiyo. Mshahara wa mwalimu wake unatoka kwenye minervali, yaani ada ya wazazi, na minervali inatoka kwenye gunia la maharage lililouzwa sokoni au samaki aliyepanda kutoka Ziwa Albert. Barabara ikifungwa, maharage hayauziki. Kwa hiyo shule inaishiwa pesa kabla haijaishiwa wanafunzi.

Tuchukue shule ya mfano, ya msingi, mjini Mahagi. Tarakimu zangu ni za kufanyia hesabu tu. Mwenye shule aweke zake mahali pa zangu. Wanafunzi 240, madarasa 6, ada dola 6 kwa mwezi, iwe imelipwa kwa faranga, kwa dola au kwa shilingi za Uganda, maana zote tatu zinapita mkononi hapa. Wote wakilipa ni dola 1,440. Lakini hawalipi wote. Tukisema asilimia 80 wanalipa kwa wakati, kasha linapata 1,152. Matumizi: walimu 6 kwa dola 100 kila mmoja, mkurugenzi 150, mlinzi na mfanya usafi 50 kila mmoja, kodi ya nyumba na matengenezo 120, chaki, karatasi na ushuru 80. Jumla 1,050. Inabaki dola 102 kwa mwezi, na 1,020 kwa miezi kumi. Na pesa hiyo ndiyo inayotazamiwa Julai na Agosti, ada inapokatika ilhali mwalimu anakula kama kawaida.

Sasa masomo yakatike. Watoto wanaobaki ni 96, yaani asilimia 40, na kati yao wazazi wa 60 ndio wanaoweza kulipa. Mapato yanaanguka hadi dola 360, matumizi yamesimama palepale 1,050. Pengo ni dola 690 kila mwezi. Gawanya 1,020 kwa 690: faida ya mwaka mzima inaisha kabla ya mwezi wa pili kufika mwisho. Wiki ya saba mwalimu wa darasa la tatu anaendesha pikipiki ya abiria, wiki ya kumi mwenye nyumba anataka chumba chake. Haya si ya Mahagi tu. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mipango ya Uganda ilikadiria kwamba shule za msingi 3,507 na za sekondari 832 zingeweza kufungwa kabisa, na kwamba asilimia 30 ya wanafunzi wangeweza wasirudi. Kenya ilitangaza mikopo nafuu ya shilingi bilioni 7 kwa shule binafsi mwaka 2020. Mwenye shule wa Mahagi hana mlango kama huo wa kubisha, kwa hiyo hesabu yake lazima ianzie ndani.

Kosa la kwanza wanalolifanya wenye shule wengi ni kusimamisha masomo wakingoja hali itulie. Naelewa kwa nini: ukisimama, unafikiri umeokoa. Lakini mzazi halipi kwa masomo ambayo hayapo. Shule iliyonyamaza wiki nne imemwambia mzazi apeleke mtoto kwingine. Kuendelea kufundisha, hata kwa nusu, ndiko kunakolinda ada, na hapo ndipo bei ya kila njia inapohitaji kutazamwa kwa karibu.

Anza na intaneti, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kwanza na kila mshauri kutoka mbali. Video ya somo la dakika 30, kwa ubora wa chini kabisa unaosomeka, hula megabaiti 112 hivi. Masomo 25 kwa wiki ni gigabaiti 2.8, na kwa mwezi zaidi ya 11, kwa mtoto mmoja. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa dakika 10 ni megabaiti 1.2 tu, na 25 za namna hiyo ni megabaiti 30 kwa wiki. Ujumbe huo wa sauti ni nafuu kuliko video hiyo zaidi ya mara 90. Ila hata sauti inataka simu ya kugusa yenye chaji, na katika Kongo nzima ni kama mtu mmoja kati ya watano tu aliye na umeme, vijijini chini sana ya hapo. Simu hiyo moja ni ya baba, na baba yuko Goli anapakua mizigo mpaka jioni. Kwa hiyo WhatsApp iwe ya walimu kupashana kazi wao kwa wao, na ya wazazi wachache walio nayo. Isiwe nguzo ya nyumba.

Karatasi ndiyo nguzo. Kila mtoto apewe karatasi 4 kwa wiki zilizochapwa pande mbili, yaani kurasa 8. Kwa watoto 240 ni karatasi 960, karibu rimu mbili. Nikiweka rimu dola 6 na wino senti moja kwa ukurasa, wiki inagharimu dola 30.72 na mwezi dola 123 hivi. Hiyo ni senti 51 kwa mtoto kwa mwezi. Somo zima la mwezi ni chini ya sehemu moja ya kumi ya ada.

Lakini karatasi mbaya ni hasara hata ingekuwa bure. Nimeona kurasa zilizonakiliwa kutoka kitabu cha mwalimu, maandishi madogo, Kifaransa kizito, maswali 20 ya kukariri. Mtoto wa darasa la tatu hawezi kuzisoma peke yake, na mama yake hawezi kumsaidia. Ukurasa mzuri wa hisabu za darasa la nne uko hivi: juu jina na wiki, kisha mistari sita ya maelezo kwa Kiswahili na maneno ya Kifaransa ya mtihani yakiwekwa kando yake, kisha mfano mmoja uliofanywa hadi mwisho. "Mama ana ndoo ya maharage ya kilo 20. Ameuza robo yake sokoni Ngote. Amebaki na kilo ngapi?" Kila hatua imeandikwa: 20 gawanya kwa 4 ni 5, 20 toa 5 ni 15. Chini yake maswali manne, matatu ya kuandika na moja la kufanya kwa mikono: chukua vikombe vinne sawa, jaza maji, mwonyeshe mdogo wako robo. Nyuma ya ukurasa kuna nafasi ya mzazi kuweka alama moja tu, mtoto amefanya au hajafanya. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kuweka alama hiyo. Mwalimu akiweka saa tatu kwenye ukurasa kama huu, saa hizo zinawahudumia watoto 40 wa mwaka huu na 40 wa mwaka ujao.

Karatasi na wino vinafika Mahagi kwa milango miwili, Bunia na Goli. Mmoja ukifungwa na vita, mwingine unaweza kubanwa na ugonjwa, kama mpaka ulivyobanwa mwaka 2020. Ndiyo maana hesabu hii ni muhimu kuliko zote: wiki 12 za masomo kwa shule yetu ni rimu 23, dola 138. Zinaingia kwenye kabati moja. Ziwekwe juu ya mbao, zisiguse sakafu wala ukuta, zifungwe kwa plastiki, kwa sababu mchwa na unyevu wa masika havisubiri amani. Shule yenye rimu 23 kabatini na wino wa akiba ina robo ya mwaka mkononi hata barabara zote mbili zikifungwa usiku huu.

Peke yake, karatasi haitoshi. Mtoto anahitaji sauti ya mwalimu. Hapa kuna jambo lililopimwa vizuri. Wakati shule za Botswana zilipofungwa 2020, watafiti walifuata kaya zaidi ya 4,500. Kundi moja lilipata ujumbe mfupi wa maandishi kila wiki, jingine likapata ujumbe pamoja na simu ya mwalimu ya dakika 20 kwa wiki. Walioongea na mwalimu walijifunza hisabu zaidi kwa kiasi kinachoonekana. Ujumbe peke yake haukusaidia kitu cha kutajwa. Kazi hiyo ikarudiwa katika nchi nyingine tano, Uganda na Kenya zikiwemo, na simu ya mwalimu ikaendelea kufanya kazi. Simu yenyewe ni ya kitochi, siyo ya kugusa.

Kwa shule yetu, dakika 20 kwa kila mtoto kila wiki ni saa 80. Walimu 6 hawawezi, na bando halitoshi. Lakini watoto 240 wanatoka katika kaya 140, tuseme. Kila kaya ikipigiwa mara moja kwa wiki mbili, ni simu 70 kwa wiki, saa 23 na dakika 20, chini ya saa nne kwa kila mwalimu. Bando likiwa senti moja kwa dakika ni dola 14 kwa wiki, 56 kwa mwezi. Kaka na dada wanakaa pamoja kwenye simu moja, mkubwa anasikiliza swali la mdogo. Simu hiyo ndiyo inayomfunulia mwalimu mambo ambayo karatasi haisemi: familia imehamia Ndrele, binti wa darasa la sita amepelekwa kwa shangazi na kuna maneno ya mahari, mtoto anasafiri kila siku kubeba mizigo mpakani. Hizo asilimia 30 ambazo Uganda iliogopa kuzipoteza zilikuwa na sababu za namna hiyohiyo, ndoa za mapema, mimba na kazi.

Redio nayo ni ya ukubwa ambao shule moja haiufikii peke yake. Mwaka 2020 Redio Okapi ilirusha masomo kwa watoto wa Kongo nzima, na Sierra Leone ilikuwa imefanya hivyo tangu Ebola ya 2014 ilipofunga shule zake karibu miezi tisa. Hata saa moja ya redio ya mtaani ikigharimu dola 15, saa tano kwa wiki zikigawanywa kwa shule tano zenye watoto 1,200 ni dola 15 kwa shule, zaidi kidogo ya senti 6 kwa mtoto. Nani asome hewani? Mwalimu mmoja bora wa kila somo kati ya shule tano, bila kujali ni wa nani. Najua wenye shule wanavyoshindana kwa wanafunzi. Katika miezi hiyo ushindani uwekwe chini, kwa sababu darasa tupu halishindani na mtu.

Ikiwa usalama unaruhusu watu kukaa pamoja, vikundi vya mtaa vinafanya kazi kuliko vyote. Watoto 240 kwa vikundi vya 10 ni vikundi 24, vinne kwa kila mwalimu. Akikutana na kila kimoja mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara, ni saa 16. Sharti moja halina mjadala: kikundi kiwe karibu na nyumba za watoto, na mwalimu awe anayeishi mtaa huo. Mtoto wala mwalimu asitumwe barabarani kwa ajili ya somo. Na watoto wapangwe kwa wanachokijua, si kwa darasa lao la zamani, maana baada ya miezi mitano nje, darasa la nne lina mtoto anayesoma aya nzima na mwingine aliyesahau silabi.

Tukiyaweka pamoja, bila redio, bajeti ya dharura ya mwezi iko hivi. Walimu wanalipwa dola 60 badala ya 100, jumla 360. Mkurugenzi 80, ulinzi 50, kodi baada ya kuzungumza na mwenye nyumba 60, karatasi 123, simu 56, pikipiki ya kugawa pakiti 28. Jumla 757. Ada inashushwa hadi dola 3, inalipwa kwa wiki, senti 75 kila Jumamosi siku ya kuchukua pakiti, kwa mkono au kwa simu. Wakilipa 150 ni dola 450. Pengo limeshuka kutoka 690 hadi 307. Bado ni pengo, nalisema waziwazi. Na kumwambia mwalimu apokee 60 si jambo dogo. Ni haki aonyeshwe daftari lenyewe, aone mkurugenzi naye ameshuka kutoka 150 hadi 80, na 40 zake zilizobaki ziandikwe kama deni la shule kwake, lenye tarehe.

Pengo hilo linazibwa na akiba iliyowekwa kabla. Asilimia 5 ya ada inayoingia ni dola 57.60 kwa mwezi, 576 kwa mwaka. Gawanya kwa 307: karibu miezi miwili. Miaka miwili ya akiba ni miezi mitatu na robo tatu. Mama zetu wanaijua hesabu hii, ndiyo likelemba, mchango wa zamu. Tofauti ni kwamba hapa hakuna zamu, kasha linangoja siku mbaya tu. Litunzwe na watu watatu, mmoja awe mzazi.

Jambo la mwisho ni watoto waliokimbia Djugu na kufika Mahagi na familia zao. Wenye shule wengi wanawaona kama mzigo. Hesabu inasema vingine. Madawati yako matupu. Mtoto mmoja zaidi anaongeza senti 51 za karatasi na senti 23 za simu, jumla senti 74. Watoto 30 wa wakimbizi ni dola 22 na senti 20 kwa mwezi, haifiki ada ya dharura ya watoto wanane. Wapokelewe bila kudaiwa buletini iliyoungua pamoja na nyumba. Mwalimu atampima mtoto kwa ukurasa mmoja wa kusoma na mmoja wa hesabu, na itatosha. Walio darasa la sita waandikishwe mapema ENAFEP, mtihani wa kumaliza msingi, na wa mwaka wa nne wa humanités waandikishwe Exetat, mtihani wa kumaliza sekondari, kwa sababu mwaka 2020 serikali iliporudisha watoto Agosti iliita madarasa ya mtihani peke yake, na asiyekuwa kwenye orodha alibaki nje.

Mwenye shule, na wewe mkurugenzi unayesoma haya ofisini Mahagi, Nioka au Aru: kabla ya wiki hii kuisha chukua daftari la minervali, na mbele ya kila jina andika namba mbili za simu, ya mzazi na ya jirani, na mtaa anakolala mtoto. Kazi hiyo inagharimu kalamu moja. Bila orodha hiyo hakuna pakiti wala simu wala kikundi kitakachomfikia mtoto hata mmoja.